Masafa, Leseni na Jamii: Utangulizi wa Somo la Redio Zanzibar

Tuseme walimu wachache wa Kifaransa, waongoza watalii wawili watatu na Wangazija, yaani watu wa asili ya Komoro, wenye jamaa zao Moroni wamekaa pale Mji Mkongwe wakaafikiana kufungua redio jamii. Itatangaza kwa Kifaransa na Kiswahili. Chumba wanacho, Mkunazini. Kijana anayejua mitambo wanaye. Sasa wabishe mlango wa nani?

Mfano huo nimeubuni kwa ajili ya kufundishia. Njia ambayo kundi hilo litapita, hata hivyo, ni ya kweli, na ukiifuata mpaka mwisho utakutana na karibu kila jambo linalolifanya somo la leseni za utangazaji Zanzibar liwe na utamu wake: katiba, fizikia ya mawimbi, historia ya Mapinduzi, ndoa ya Unguja na Bara, na swali la nani anahesabiwa kuwa jamii. Kurasa hizi nimemwandikia anayeingia mara ya kwanza. Huenda ni mwanafunzi wa sheria au wa habari, huenda ni mtangazaji wa Makunduchi anayetaka kuielewa ile karatasi iliyotundikwa ukutani mwa studio, huenda ni mtu apendaye redio tu. Karibu, na usiogope maneno ya kisheria; mengi yatajieleza yenyewe tukifika.

Niseme mapema ninaposimama, ili msomaji ajue anasindikizwa na nani. Leseni ya redio Zanzibar ina wenyewe watatu. Muungano unashika masafa. Serikali ya Mapinduzi inashika utangazaji. Jamii, ambayo jina lake limeandikwa kwenye fomu ya maombi, inashika kidogo kuliko wote. Watafiti wengi wametumia nguvu zao kwa wale wawili wa kwanza, na nina hakika kwamba kazi kubwa ya miaka ijayo iko kwa huyu wa tatu.

Tuanze na historia, maana bila historia sheria haisomeki.

Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 kutoka Raha Leo, upande wa Ng'ambo. Siti binti Saad, aliyefungua njia ya santuri za Kiswahili kwa kurekodi Bombay kuanzia 1928, alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla. Wanamuziki waliomfuata hawakuhitaji tena kupanda meli kwenda India ili wasikike. Studio ilikuwa mwendo wa miguu kutoka Darajani. Kwa hiyo redio iliingia nyumbani mwa watu ikiwa na taarab, habari na mawaidha, na ikapendwa. Lakini haikuwa na leseni, wala hakuna aliyeiuliza. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwa na mtambo, ndiyo iliyoajiri watangazaji, ndiyo iliyoamua kinachosemwa. Pale ambapo mwenye redio ni mtawala mwenyewe, swali la kibali halizaliwi.

Swali lililozaliwa lilikuwa jingine: afanyweje yule anayesema kutoka nje? Mwaka 1954 Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili kwa masafa mafupi, na miongoni mwa sauti zake alikuwamo Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Matangazo hayo yaliushambulia ukoloni waziwazi, na maofisa wa Kiingereza kuanzia Nairobi mpaka Unguja walihangaika nayo kwa miaka. Mwanahistoria James Brennan ameieleza habari hii kwa kina, na ningependa kila anayeanza somo hili amsome, kwa sababu ndani yake mna funzo ambalo wanasheria husahau: leseni huongoza aliyeko ndani ya mipaka, mawimbi hayana habari na mipaka. Mwaka 1957 ikaja idhaa ya Kiswahili ya BBC, na katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ikafuata. Msikilizaji wa Mkunazini alikuwa na dunia nzima katika kisanduku chake, na hakuna hata kituo kimoja kati ya hivyo kilichoomba ruhusa Unguja.

Halafu ikafika tarehe 12 Januari 1964. Raha Leo ikageuka makao ya wanamapinduzi, na kutoka hapo kiongozi wao, John Okello, akazungumza redioni na nchi nzima. Waliokuwa watoto wakati ule wameisikiliza sauti ile maisha yao yote. Mtafiti anayeuliza kwa nini serikali za Zanzibar, moja baada ya nyingine, zimekuwa nzito kuachia mitambo ya redio mikononi mwa watu binafsi, asianzie kwenye vifungu vya sheria. Aanzie Raha Leo asubuhi ile. Serikali iliyoingia madarakani kwa kuishika redio inajua kuliko mtu yeyote thamani ya kuishika. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Nasema kwa sababu hofu yenye historia haiondolewi kwa kunukuu mkataba wa kimataifa, na wanaharakati wengi wa habari wamechoka kwa kujaribu njia hiyo peke yake.

Kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya Mapinduzi, hewa ya Zanzibar ilikuwa na mwenyewe mmoja: redio ya serikali, Sauti ya Tanzania Zanzibar, na baadaye televisheni ya serikali pembeni yake. Bara walifungua mlango kwanza. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 iliruhusu vituo binafsi, na mwaka uliofuata Radio One na ITV zikawa hewani Dar es Salaam. Zanzibar ilifuata kwa Sheria ya Tume ya Utangazaji, Namba 7 ya 1997. Hiyo ndiyo nguzo ya somo letu. Sheria hiyo iliunda Tume ya Utangazaji Zanzibar, ikaipa kazi ya kutoa leseni, kusimamia vituo na kuwaadhibu wanaokiuka masharti. Ilirekebishwa mwaka 2010, na tangu hapo wadau wa habari wamekuwa wakidai iandikwe upya pamoja na ndugu yake mkubwa, Sheria Namba 5 ya 1988 inayohusu magazeti, vitabu na mawakala wa habari. Jihadhari na jambo moja dogo linalowachanganya wageni: Tume hii ni msimamizi, na Shirika la Utangazaji Zanzibar, lililozaliwa kwa kuunganisha redio na televisheni za serikali, ni mtangazaji. Kwa Kiingereza vyombo hivyo viwili vina herufi zilezile tatu, ZBC, na nimeshasoma tasnifu iliyovichanganya kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Sasa turudi kwa lile kundi letu na ule mlango wa kubisha. Jibu ni kwamba milango ni miwili, na sababu yake iko kwenye Hati za Muungano za 1964. Miongoni mwa mambo kumi na moja yaliyofanywa ya Muungano yalikuwamo posta na simu. Utangazaji haukutajwa, na mpaka leo haumo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo mawimbi, yakihesabiwa ni mawasiliano, yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chombo cha Muungano kilichoundwa kwa sheria ya 2003. Kile kinachosafiri juu ya mawimbi hayo, maneno, muziki, habari, kiko chini ya Tume ya Zanzibar. Bara mambo haya mawili hukutana ofisi moja, kwa sababu TCRA huko husimamia masafa na maudhui pamoja. Visiwani yametenganishwa. Mwombaji wa Unguja anahitaji Tume imkubali kuwa mtangazaji na TCRA impe mahali pa kutangazia. Akipata moja bila ya pili, hana redio.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa sheria hunogewa, na nawaelewa. Mgawanyo huu ni dirisha la kuuchungulia Muungano wote: mamlaka yanayopishana, nia njema inayokwama kwenye barua za kusubiriana, na wakati mwingine hekima ya kweli ya viongozi wa ofisi mbili wanaopatana bila ya kuandikiana sana. Lakini nawasihi wasikomee hapo. Nimeona makala nzuri zikijadili mipaka ya Muungano kurasa arobaini bila ya kumuuliza mtu mmoja wa Tumbatu anasikiliza nini.

Kabla ya kwenda Tumbatu, kidogo kuhusu mawimbi yenyewe, kwa sababu asiyeyaelewa hawezi kuelewa kwa nini kuna leseni hata kidogo. Redio za FM hutumia nafasi iliyo kati ya megahezi 87.5 na 108. Nafasi hiyo ni finyu, na vituo viwili vya mji mmoja haviwezi kubanana ndani yake bila ya kuingiliana. Mwaka 1984 nchi za Afrika, Ulaya na jirani zao zilikubaliana Geneva mpango wa kugawana masafa hayo, na mpango ule bado ndio msingi wa meza za wahandisi. FM husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo urefu wa mnara una maana kuliko nguvu ya mtambo. Unguja ni kisiwa tambarare. Masingini, mahali pake pa juu kabisa, hapafiki hata mita 150. Jambo la pili ni bahari. Kati ya Mji Mkongwe na Dar es Salaam kuna kama kilomita 70 za maji, hakuna kilima, hakuna jengo. Mawimbi huvuka vizuri, na hali ya hewa ikiwa ya joto na shwari huvuka vizuri zaidi. Ndiyo maana mtu aliyekaa Forodhani hupata vituo vya Dar es Salaam kana kwamba viko Malindi. Kwa mwombaji wa Unguja maana yake ni kwamba masafa anayoyataka huenda yamekwishachukuliwa na kituo cha ng'ambo ya bahari, na mhandisi wa TCRA akikataa, mara nyingi anakataa kwa hesabu.

Kundi letu lina tatizo jingine ambalo kundi la, tuseme, Makunduchi lisingekuwa nalo. Chumba chao kiko Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ambao una Mamlaka yake ya uhifadhi na uendelezaji iliyoanza miaka ya 1980. Huwezi kusimika mnara wa chuma juu ya paa la nyumba ya mawe kwa kuwa tu paa ni lako. Studio inaweza kukaa Mkunazini. Antena italazimika kukaa kwingine, na kutoka studio mpaka antena kutahitajika kiungo ambacho nacho kinatumia masafa, na masafa hayo nayo yanaombwa. Gharama inapanda kabla hata ya mtu kusema "hamjambo".

Sasa neno gumu: jamii.

Wazo la kwamba utangazaji una sura tatu, ya umma, ya biashara na ya jamii, lilipata sauti rasmi barani kwetu Windhoek, Mei 2001, katika Mkataba wa Afrika kuhusu Utangazaji. Sheria ya Zanzibar ilikuwa na miaka minne tayari. Kwa hiyo redio jamii za visiwani ziliingia katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wengine, na zimejibana humo zilivyoweza. Zipo, na zinafanya kazi ya maana: Redio Jamii Micheweni na Redio Jamii Mkoani huko Pemba, Mtegani kule Makunduchi, Tumbatu kaskazini mwa Unguja. Micheweni ilisaidiwa na UNESCO kuanza. Ukizisikiliza kwa makini utasikia mambo ambayo redio za mjini hazina nafasi nayo: bei ya mwani, kisima kilichoharibika, mtoto aliyepotea, mwalimu wa skuli akiwaita wazee kwenye mkutano. Watangazaji wake wengi hujitolea. Wengi wamejifunza kazi kwa kuifanya.

Nani mwenye vituo hivyo? Swali linaonekana dogo. Naamini ndilo swali kuu la somo hili. Mfadhili aliyeleta mitambo anasema ni vya jamii. Kamati inayokutana inasema ni vya jamii. Leseni, hata hivyo, haiwezi kutolewa kwa jamii. Inatolewa kwa chombo chenye jina, anuani na katiba yake, na huyo ndiye atakayeitwa ofisini siku mtangazaji akikosea. Mradi ukiisha na mfadhili akaondoka, ada ya leseni inabaki, umeme unabaki, na spea za mtambo zinabaki kununuliwa. Kituo hutafuta matangazo ya biashara, na hapo kinaanza kufanana na redio za biashara. Au hutafuta msaada wa wilaya, na hapo kinaanza kufanana na redio ya serikali. Hali hii haitokani na ubaya wa mtu. Inatokana na sheria isiyoitambua redio jamii kama kitu chenye sura yake.

Wenzetu wamejaribu dawa mbalimbali. Ufaransa ilikuwa na ukiritimba wa serikali mpaka 1981, vituo vya siri vikijificha kwenye vyumba vya juu vya majengo ya Paris. Sheria ya Novemba mwaka ule ikavifungulia, nyingine ya Julai 1982 ikaweka utaratibu, na baadaye redio za vyama vya kiraia zikapewa daraja lao wenyewe: kituo cha daraja hilo hakiruhusiwi kupata zaidi ya asilimia 20 ya mapato yake kutokana na matangazo ya biashara, na kwa upande wa pili kina haki ya kuomba ruzuku kutoka mfuko maalumu wa taifa. Yaani sheria ilikifunga kituo mkono mmoja ikakishika mwingine. Bara hapa, TCRA hutenga leseni za maudhui kwa ukubwa wa eneo, taifa, mkoa, wilaya na jamii, na hutofautisha za biashara na zisizo za biashara. Ni hatua, ingawa haina mfuko nyuma yake.

Na lugha? Hapa mfano wa Kifaransa unaanza kutulipa.

Kifaransa si kigeni kabisa Unguja. Sultani Said alitiliana saini mkataba na Ufaransa mwaka 1844. Mapadri kutoka Réunion walifika 1860, na warithi wao ndio waliojenga lile kanisa ambalo wenyeji wanaliita Minara Miwili. Lakini uzi mzito zaidi ni wa Wangazija. Watu wa Komoro wamekuwa Unguja vizazi kwa vizazi, wakiwa mabaharia, mafundi, makarani na wanazuoni. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861 akawa kadhi mkubwa wa Zanzibar, ni mmoja tu wa wanaojulikana. Wakoloni wa Kiingereza waliwahesabu kuwa raia wa Ufaransa, na mwaka 1936 Ibuni Saleh aliandika historia fupi ya jamii yake visiwani. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, hadhi yao ya uraia ilitiliwa shaka na wengi wakatakiwa kuuomba upya. Mtafiti anayekutana na ombi la redio ya Kifaransa lililobeba majina ya Kingazija hawezi kujifanya hajui hayo.

Mapenzi ya Komoro na redio za pwani yetu nayo ni ya zamani. Chama cha ukombozi wa Komoro, MOLINACO, kilichoundwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiliitumia Redio Tanzania kuwafikia watu wa visiwani kwao kabla ya uhuru wa Julai 1975. Redio ya Dar es Salaam ilisikika Moroni, na Wafaransa hawakufurahi. Ilikuwa Cairo nyingine, safari hii sisi ndio tuliokuwa Cairo.

Je, redio jamii Tanzania inaweza kutangaza kwa Kifaransa? Ipo iliyofanya hivyo, mbali na bahari. Aprili 1994 watu takriban 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka uliofuata Shirika la Majesuti la Huduma kwa Wakimbizi likaanzisha huko Radio Kwizera, iliyozungumza na wakimbizi na wenyeji kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na pia Kifaransa. Kumbuka utaratibu wa Bara unataka Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine huhitaji idhini. Ngara ilionyesha kwamba idhini inapatikana pale haja ya wasikilizaji inapokuwa dhahiri: watu wanatafuta ndugu zao, wanahitaji kujua maji yako wapi, na lazima waambiwe kwa lugha wanayoielewa. Kwangu hicho ndicho kipimo cha haki kwa lugha yoyote katika leseni. Idadi ya wasemaji ina uzito wake. Swali lenye uzito zaidi ni nani atakosa nini kama kituo hakitakuwapo.

Kwa kipimo hicho kundi letu la Mkunazini lina kazi ya kufanya. Watalii wa Kifaransa hawakosi habari. Likijenga hoja juu ya watalii, linaomba leseni ya biashara na liiite hivyo. Likijenga juu ya familia za Kingazija, Tume inaweza kuuliza, na itakuwa na haki ya kuuliza, kama hao hawazungumzi Kiswahili na Shingazidja majumbani kuliko Kifaransa. Hoja yenye mashiko pengine iko kwa wanafunzi na walimu wa lugha, au kwa wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi Komoro na Kongo. Ningelishauri kundi liende na saa chache za Kifaransa ndani ya kituo cha Kiswahili, likusanye barua za masheha na za skuli, lionyeshe wasikilizaji wenye majina na mahali. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa.

Linganisha na Toronto, ambako wasemaji wa Kifaransa ni wachache katika mji wa Kiingereza. Ushirika wao ulipigania masafa kwa miaka, ukapata 105.1, na kituo chao, CHOQ, kikaingia hewani 2006. Tofauti iliyonigusa ni ya utaratibu. Kanada ombi la leseni hutangazwa, mwananchi yeyote anaweza kuandika kuliunga mkono au kulipinga, kikao husikilizwa hadharani, na uamuzi hutolewa kwa maandishi pamoja na sababu zake. Mtafiti anaweza kuusoma miaka ishirini baadaye. Kitu hicho kingeweza kuanza Zanzibar bila ya kubadilisha kifungu kikubwa cha sheria: Tume kutangaza maombi iliyoyapokea na kueleza kwa nini imekubali au imekataa. Muungano wa dunia wa redio jamii, AMARC, ulioanzia Montréal mwaka 1983 katika mji wa Kifaransa, umekuwa ukidai uwazi wa namna hii kwa miongo minne.

Wakati huohuo Ufaransa yenyewe imekuja kwetu kwa Kiswahili. Tarehe 5 Julai 2010 Radio France Internationale ilizindua idhaa yake ya Kiswahili, studio zikiwa Dar es Salaam. Dola la mbali linasema nasi kwa lugha yetu kwa sababu lina bajeti. Kundi dogo la raia likitaka kusema kwa lugha ya pili, linahesabu ada. Somo letu lazima liyashike yote mawili.

Nisingependa msomaji aondoke akidhani kila sharti la leseni ni uonevu. Redio RTLM ya Kigali, Rwanda, ilipewa ruhusa, ikaanza kutangaza 1993 kwa Kinyarwanda na Kifaransa, na mwaka 1994 ikawataja watu majina na mahali walikojificha ili wauawe. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wahusika wake Desemba 2003, na hukumu ile ni andiko la lazima kwa kila anayesoma utangazaji Afrika Mashariki. Lakini soma pia habari za Radio Maendeleo ya Bukavu, Kongo, kituo cha jamii kilichoanza 1993 kikitumia Kiswahili na Kifaransa, ambacho waasi wa RCD walikifunga 1999 kwa sababu watu walikiamini. Kituo kimoja kilistahili kuzuiwa, hakikuzuiwa. Kingine hakikustahili, kikafungwa. Mwenye kuandika sheria ya leseni anaandika akiwa na vyote viwili mbele yake.

Mwisho, namna ya kuanza kazi. Soma Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kando ya Ibara ya 18 ya Katiba ya Muungano kama ilivyo tangu marekebisho ya 2005, uone jinsi ya Zanzibar inavyoanza kwa kuziachia nafasi sheria za nchi. Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani kwa miaka ya Sauti ya Unguja. Tafuta kumbukumbu za Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kwa mjadala wa 1997. Zungumza na kamati ya wadau wa habari, ZAMECO, inayodai sheria mpya, na zungumza pia na maofisa wa Tume, ambao wana mengi ya kusema wakiulizwa kwa adabu. Kisha chukua redio ndogo ya betri, panda gari kutoka Darajani mpaka Makunduchi, siku nyingine mpaka Mkokotoni na kutoka hapo kwa chombo mpaka Tumbatu, na uandike kila mahali kituo kinapoanza kukwaruza na kingine kinapoingia juu yake. Chora ramani. Iweke karibu na eneo ambalo kila kituo kimeruhusiwa kwenye leseni yake, na tasnifu yako itakuwa imeshapata sura ya kwanza.